Sauti hiyo inatoka upande gani?

MSICHANA mmoja wa chuo alikuja katika zahanati yangu hapa Kitengela kutibiwa kikohozi. Nilipokuwa nikimwandikia dawa, nilimsikia akimlalamikia mwenzake kwamba ametapeliwa. Alikuwa amenunua vipokea sauti vya masikioni, vile ambavyo vijana huviita iyafoni, vya aina mpya inayosifiwa kwamba humzungushia msikilizaji muziki pande zote: ngoma nyuma, gita kushoto, mwimbaji hatua chache mbele yako. Rafiki zake walipovivaa walishangilia. Yeye alisikia kila kitu upande wa kulia. Alivirudisha dukani akabadilishiwa. Vile vipya navyo vikawa hivyo hivyo.

Niliweka kalamu chini. Nilimwomba avivae kinyume, cha kushoto akitie katika sikio la kulia, na cha kulia akitie katika sikio la kushoto. Kama kasoro ilikuwa katika kifaa, ingehamia upande wa pili. Haikuhama. Aliendelea kusikia kulia tu.

Nikachukua kile chuma chenye meno mawili ambacho sisi madaktari hukigonga kikalia, nikakiweka katikati ya paji la uso wake. "Unasikia wapi?" nikamwuliza. "Huku, daktari," akajibu huku akionyesha kulia. Nikampeleka kwa mtaalamu wa masikio, naye akathibitisha niliyoyashuku: sikio la kushoto halisikii karibu chochote. Mama yake alipoulizwa alikumbuka kwamba binti alipokuwa na umri wa miaka sita aliugua matubwitubwi, akavimba mashavu kwa juma zima, kisha akapona. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule uliondoka na sikio moja.

Msomaji mpendwa, msichana huyo sasa ana miaka 20. Kwa miaka 14 alisoma, akafanya mitihani, akaimba katika kwaya ya kanisa, na hakuna mzazi, mwalimu wala daktari aliyegundua. Mara mbili alinusurika kugongwa na pikipiki kwenye barabara ya Namanga, na mara zote mbili aliambiwa kwamba hana makini.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuandika. Sisi sote, madaktari tukiwamo, tumezoea kuuliza swali moja tu kuhusu masikio: Je, anasikia au hasikii? Swali la pili, yaani je, anajua sauti inatoka upande gani, hatuliulizi. Nashikilia kwamba swali hilo la pili ni la uhai na kifo, hasa kwa sisi tunaoishi kando ya barabara kuu. Nashikilia pia kwamba vifaa hivi vya kisasa, vinavyoweza kumtengenezea mtu upande usiokuwapo, vimelifanya swali hilo kuwa la haraka zaidi.

Kichwa kati ya masikio mawili

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Walikuwa wakifundisha adabu, lakini hata kwa upande wa udaktari hawakukosea. Sikio likiwa peke yake ni hafifu sana katika kujua upande. Kazi hiyo hufanywa na masikio mawili yenye kichwa katikati yake.

Hebu chukua mfano. Umesimama kando ya barabara, na pikipiki inakuja kutoka kulia kwako. Mlio wake unafika kwanza katika sikio la kulia, kisha unakizunguka kichwa mpaka sikio la kushoto. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde moja, kwa hivyo safari hiyo fupi ya kuzunguka kichwa haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa saa ya ukutani, muda huo si kitu. Kwa ubongo, ni mwingi wa kutosha. Mtu mwenye masikio mazima anaweza kutambua tofauti ndogo kama sehemu 10 za milioni ya sekunde kati ya sikio na sikio. Sauti iliyo mbele yake ikisogea digrii moja tu, anaweza kujua kwamba imesogea.

Kipimo cha pili ni nguvu ya sauti. Kichwa ni kizuizi. Sauti nyembamba, kama filimbi ya polisi wa trafiki, hukigonga kichwa na kufika upande wa pili ikiwa imefifia, kama vile jua linavyoacha kivuli nyuma ya ukuta. Sauti nzito, kama mngurumo wa lori, hukizunguka kichwa bila kupungua sana, na hiyo ubongo huipima kwa muda. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, ndiye aliyeziweka njia hizo mbili pamoja mwaka 1907, na mpaka leo maelezo yake ndiyo msingi wa elimu hii.

Lakini msomaji makini atauliza: Je, sauti ikiwa nyuma yangu kabisa? Hapo inafika katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu zile zile, sawa na sauti iliyo mbele kabisa. Tutazitofautishaje?

Jibu liko katika umbo la sikio la nje. Ile mikunjo yake, na bonde lililo mlangoni mwa tundu la sikio, huibadilisha sauti kidogo kulingana na mahali inakotoka, iwe mbele, nyuma, juu au chini. Kila mtu ana mikunjo yake, na ubongo umejifunza mikunjo hiyo tangu utotoni. Wazee wa Kimaasai waliotoboa na kurefusha ndewe zao wasiwe na hofu. Nyama ile laini ya chini haina kazi kubwa katika jambo hili.

Mwaka 1998 wanasayansi wa Uholanzi walichapisha jaribio moja la kupendeza. Waliwatia watu vibandiko vidogo masikioni ili kubadilisha umbo la mikunjo. Mara moja watu wale wakashindwa kujua kama sauti iko juu au chini. Baada ya majuma kadhaa ya kuishi na vibandiko hivyo, uwezo ukarejea. Vilipotolewa, waliweza papo hapo kusikia kama zamani. Ubongo ulikuwa umejifunza lugha ya masikio mapya bila kuisahau ile ya zamani.

Na mtu akiwa bado na shaka, hugeuza kichwa. Mtazame mchungaji kule Isinya au Bissil anapomkosa ng'ombe jioni. Husimama, hunyamaza, hugeuza uso huku na huku akiisikiliza kengele ya ng'ombe. Kule kugeuza kichwa ndiko kupima kwenyewe: sauti ya mbele na sauti ya nyuma huhama kwa njia tofauti kichwa kinapogeuka. Yule bundi mwenye uso mweupe, ambaye wengi wetu humwogopa kama ndege wa nuksi, amejaliwa masikio yasiyolingana, moja likiwa juu kidogo kuliko jingine, na kwa ajili hiyo anaweza kumnasa panya gizani kwa kusikia tu.

Upande wa kubuni

Sasa tuje kwa vipokea sauti. Wahandisi walipoyaelewa haya walijiuliza: Ikiwa ubongo huujua upande kwa kulinganisha yanayofika katika masikio mawili, kwa nini tusimpelekee kila sikio sauti iliyopimwa, ili ubongo uamini kwamba kuna kitu mahali ambapo hakuna kitu?

Wazo hilo si jipya kama wauzaji wanavyodai. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Mfaransa Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera, akaviunganisha kwa nyaya na ukumbi wa maonyesho. Msikilizaji alishika vidude viwili, kimoja kwa kila sikio, akawasikia waimbaji wakihama kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa alikuwa mbali nao kabisa.

Siku hizi kazi hufanywa kwa njia hii. Vinasa sauti vidogo hutiwa ndani ya masikio ya mtu, au ya sanamu ya kichwa iliyotengenezwa kwa vipimo vya binadamu. Milio hupigwa kutoka pande nyingi, mamia kwa mamia, na kila mmoja huandikwa jinsi kichwa na mikunjo ya sikio vilivyoubadilisha. Kutokana na vipimo hivyo, kompyuta hupata kichocheo cha kila upande. Ukitaka ngoma isikike nyuma kushoto, unaipitisha katika kichocheo cha nyuma kushoto. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Frederic Wightman na Doris Kistler, walionyesha kwamba sauti ikitengenezwa kwa vipimo vya masikio ya msikilizaji mwenyewe, yeye huionyesha mahali pake karibu sawa na anavyoonyesha sauti ya spika halisi.

Tangu mwaka 2020 ufundi huu umeingia mifukoni. Kampuni ya Apple iliutia katika vipokea sauti vyake mwaka huo, na kampuni nyingine zinafanya hivyo hivyo. Vingine vina vipimo vinavyofuata mwendo wa kichwa, ili ukigeuka kulia, mwimbaji abaki palepale alipokuwa, kana kwamba amesimama chumbani mwako.

Hata hivyo kuna kasoro ambayo haiandikwi kwenye kasha. Mara nyingi vipimo hivyo si vya masikio yako. Ni vya sanamu, au vya mtu mwingine. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa NASA pamoja na wenzao, na kuchapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba mtu akisikiliza kwa masikio ya kuazima, kulia na kushoto hajambo, lakini mbele na nyuma humchanganya, na juu na chini pia. Anasikia kitu kilicho nyuma na kukidhani kiko mbele. Sebuleni kosa hilo humfanya mtu acheke. Barabarani mambo ni mengine.

Barabara ya Namanga

Wanaoifahamu Kitengela wanaijua hali ilivyo. Malori yaendayo Tanzania, magari ya saruji kutoka Athi River, matatu zinazokimbizana kuwahi abiria wa Nairobi, pikipiki zinazopita pande zote mbili, na kondoo wa mtu wanaovuka bila haraka. Pale Noonkopir asubuhi, jicho peke yake halitoshi. Jicho huona lililo mbele yake. Sikio ndilo mlinzi wa nyuma.

Lori likienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Ukipoteza sekunde mbili kwa kujiuliza honi ile imetoka wapi, lori limekwisha kupita mita 44. Mimi hushona majeraha ya wale waliobahatika.

Vijana wengi ninapowaonya hunijibu, "Daktari, mimi huvaa kimoja tu. Sikio la pili liko wazi." Jibu hilo hunitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu anayelitoa anadhani amejikinga. Ni kweli kwamba anasikia. Ataisikia honi. Lakini amejifanya kwa hiari yake kama yule msichana niliyemtaja: sikio moja limezibwa, kipimo cha muda kimeharibika, na kila sauti huelekea upande wa sikio lililo wazi. Honi inapigwa kushoto, yeye anaruka kushoto. Waendeshaji pikipiki wanaotia kidude kimoja chini ya kofia ya chuma ili kupokea simu za wateja, nawaomba wayatafakari maneno haya.

Wale wanaovaa vyote viwili wana shida ya aina nyingine. Vipo vifaa vinavyopunguza kelele za nje. Vifaa hivyo huwa na nguvu zaidi katika kufuta sauti nzito zinazoendelea, na mngurumo wa injini ya lori ni sauti ya namna hiyo hasa. Kinachofutwa ni onyo la kwanza ambalo sikio lingelipata. Ukiongeza na muziki uliowekewa pande zote, ubongo unapokea ramani mbili kwa wakati mmoja, moja ya mtaa na moja ya studio, na ile ya studio ndiyo yenye sauti kubwa. Anayezoea kusikia vitu nyuma yake ambavyo havipo hujizoeza kutogeuka.

Msomaji anaweza kuuliza kama hofu hii ina msingi. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa visa 116 vya watembea kwa miguu waliogongwa wakiwa wamevaa vipokea sauti, kati ya mwaka 2004 na 2011. Watu 81 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu ya wote waligongwa na treni, kitu kikubwa chenye kelele kuliko vyote njiani. Na katika visa 34 ilitajwa kwamba honi au king'ora kilipigwa kabla ya ajali. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kila mmoja alikufa kwa sababu ya muziki. Lakini mtu aliyepigiwa honi na treni asigeuke anatupa somo ambalo halihitaji tarakimu. Wenzetu wa Kajiado mjini, ambako reli ya Magadi hupita, wasidhani kwamba habari hii ni ya Marekani peke yake.

Mimi sipingi ufundi

Sitaki mtu aniweke katika kundi la wazee wanaolaani kila kipya. Ufundi huu una faida, na faida nyingine ni kubwa.

Marubani waliofanyiwa majaribio huko Marekani katika miaka ya 1990 waliiona ndege nyingine upesi zaidi pale onyo lilipotolewa katika vipokea sauti kutoka upande ule ule ndege ilipokuwa. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa programu iitwayo Soundscape kwa ajili ya wasioona: simu ilitaja duka au njia panda, na sauti ikasikika kutoka upande wa duka lenyewe. Mwaka 2023 kampuni iliacha kuihudumia, lakini iliwaachia watu wote maandishi yake ya kompyuta, na wengine wameendelea nayo. Angalia tofauti: hapo upande wa kubuni unakubaliana na upande wa kweli. Unamwongezea mtu habari ya mahali alipo. Muziki barabarani humwondolea.

Na bila vidude vile, msichana wangu angekuwa bado anaambiwa hana makini. Kifaa kinachotegemea masikio mawili kilimfichulia kwamba ana moja. Vifaa vya zamani vilivyopeleka sauti ile ile pande zote mbili visingeweza kufanya hivyo.

Neno moja kuhusu ukubwa wa sauti, maana masikio yanayoumia hayapati upande. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Ukifika desibeli 90, umebakiwa na saa 4 tu katika juma zima. Anayepanda matatu yenye muziki mkubwa kutoka Kitengela mpaka Nairobi, kisha akaongeza sauti ya vipokea sauti ili aushinde muziki wa matatu, anaila akiba yake ya juma upesi mno. Seli za sikio la ndani zikifa, hazioti tena.

Tufanye nini?

Kwanza, jipime leo. Vaa vipokea sauti vyako, cheza wimbo, kisha vibadilishe upande. Udhaifu ukihama pamoja na kidude, kifaa ndicho kibovu. Udhaifu ukibaki katika sikio lile lile, nenda hospitali. Huenda ni nta tu, na itatolewa kwa dakika chache. Usijichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala kijiti cha pamba. Hivyo huisukuma nta ndani, na nimewaona waliotoboa kiwambo cha sikio kwa njia hiyo.

Pili, sikio moja likiziba ghafla, umelala mzima ukaamka husikii, usingoje. Uziwi wa ghafla ni dharura. Dawa zake hufaa zaidi zikianzwa katika siku za kwanza, na wengi huja kwangu baada ya mwezi, wakiwa wamemaliza mafuta ya nazi yote yaliyomo nyumbani.

Tatu, mpime mtoto wako kila sikio kwa zamu. Simama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooshwa, mzibe sikio moja kwa kidole huku ukilisugua taratibu, kisha umnong'oneze namba tatu na umwambie azirudie. Fanya hivyo kwa sikio la pili. Asiyefikisha nusu apelekwe kwa daktari. Kisha cheza naye mchezo wa funguo: afumbe macho, wewe utikise funguo kulia, kushoto na nyuma, naye aonyeshe kwa kidole. Mtoto mchanga wa miezi sita hivi huanza kugeukia upande wa sauti. Akigeukia upande mmoja tu siku zote, usiseme ni mazoea.

Nne, usaha unaotoka sikioni si sehemu ya utoto. Ni ugonjwa. Ukiachwa mwaka baada ya mwaka hula mifupa midogo ya sikio na kupunguza usikivu. Usimimine chochote ndani, lisiingie maji, na mtoto atibiwe mpaka akauke. Kuhusu matubwitubwi, mzazi ajue kwamba chanjo ya surua na rubela inayotolewa nchini tangu mwaka 2016 haina kinga ya ugonjwa huo. Mtoto akiugua, apimwe masikio yote mawili baada ya kupona.

Tano, barabarani toa vyote viwili. Si kimoja, na si kupunguza sauti. Unapofika kando ya barabara ya Namanga, au unapowasha pikipiki, vitie mfukoni. Wimbo utakungoja.

Kwa wakubwa wetu wa afya na elimu katika Kaunti ya Kajiado nina ombi moja. Wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mikoba yao tangu mwaka 2023 hupita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Mnong'ono hauhitaji betri wala fedha. Waongezewe kazi hiyo ya dakika tatu, na mtoto anayeanza shule asiandikishwe kabla ya masikio yake kupimwa, moja moja. Mtoto anayesikia kwa sikio moja hujibu akiitwa, kwa hivyo mwalimu hamshuku. Hupotea darasani pale wenzake wanapopiga kelele, kwa sababu masikio mawili ndiyo hutusaidia kuichuja sauti moja kati ya nyingi. Matokeo yake huitwa uzembe.

Msichana wangu anaendelea vyema. Sikio lililokufa halikufufuka, na sikumdanganya. Darasani sasa huketi upande wa kushoto wa ukumbi, ili sikio zima limwelekee mhadhiri. Katika simu yake tuliwasha ile sehemu inayochanganya sauti zote mbili kuwa moja, na sasa wimbo mzima humfikia kwa sikio la kulia bila kupungukiwa na gita wala ngoma. Akitaka baadaye, kipo kifaa cha kupokea sauti upande wa kushoto na kuirusha kulia, ingawa hakitamrudishia upande. Barabarani hugeuza kichwa kizima, kulia, kushoto, na kulia tena, kama yule mchungaji wa Isinya.

Siku aliyokuja kuniaga alinieleza jambo ambalo bado ninalo moyoni. Alisema tangu utotoni, akiitwa jina njiani, husimama na kuzunguka mpaka amwone aliyemwita. "Nilidhani ndivyo watu wote wanavyofanya, daktari," akaniambia.

Msomaji mpendwa, usiku huu mwambie mtoto wako afumbe macho, kisha utikise funguo.